Jescah wa Malinya na Gramu za Wendy

Ninalotaka kuwaambia hamtaliamini, na sitawalaumu. Padri wetu mwenyewe, mtu ambaye kazi yake ni kuamini, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama nimekula. Lakini liko hivi: hapa Malinya kuna mwanamke aliyepima mkojo wa mtoto kwa mizani ya dhahabu, na wodi nzima ikangoja namba. Mwanamke huyo ni dada yangu. Msaidizi wake siku hiyo nilikuwa mimi, na pale mambo yalipoharibika, sikuyaharibu peke yangu.

Anaitwa Jescah. Ana miaka hamsini na nane, mjane, mrefu kiasi cha kuniangalia utosini, na miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu ili isimtoroke. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa kwenye meza moja chini ya kibanda cha bati, pale barabara inapoteremka kwenda kwa mashimo, akinunua vumbi la dhahabu kutoka kwetu sisi wachimbaji. Mtu anakuja, anakunjua kikaratasi chake kama anafungua barua ya mapenzi. Jescah anakipokea. Anamwaga lile vumbi kwa kijiko cha chuma, anakiweka juu ya jiko la makaa, anangoja. Mvuke unatoka. Ukiisha, ndipo anapima.

"Dada, kwani lazima ukaushe kila siku?" mimi humuuliza.

"Sinunui maji. Maji nimechota mwenyewe asubuhi."

Hivyo ndivyo alivyo. Hakuna mchimbaji hapa ambaye hajajaribu kumletea vumbi lenye unyevu, na hakuna aliyefaulu, hata mimi ndugu yake wa tumbo moja niliyebebwa mgongoni mwake. Na si dhahabu tu. Harambee ya kanisa walinadi kuku mmoja wakisema ana kilo tatu. Jescah akamchukua, akamning'iniza kwa mizani ya mwenye bucha, akarudi akasema kilo moja na nusu, na hiyo ni pamoja na kamba. Siku ya kupiganisha mafahali, yule mtangazaji alipiga kelele kwamba fahali wa kwetu ana tani nzima. Dada yangu akasimama katikati ya watu elfu kumi akamuuliza, "Ulimpimia wapi?" Tangu siku hiyo yule kijana husema tu "fahali mzito", halafu anaangaliaangalia nyuma.

Mimi pia amenifanyia. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba shimo langu lina futi mia mbili. Akaja na kamba na jiwe, akateremsha mbele yao. Arobaini na moja. Nikawaeleza kwamba kamba ikiingia kwenye unyevu hupungua, jambo ambalo nililisoma darasa la sita, mwaka ambao mimi na mwalimu tulikosa kuelewana ni nani amfundishe mwenzake.

Basi Jescah ana binti mmoja, Maurine, mwalimu wa chekechea. Mume wake ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa njiani kwenda Juba. Maurine akapata mimba, sisi wote tukanenepa kwa furaha. Lakini mimba ilipofika wiki ya thelathini na moja, miguu ikamvimba kama ndizi za kupika, kichwa kikamgonga, macho yakaanza kuona nyota mchana. Tukampakia, tukampeleka hospitali ya mjini. Presha ilikuwa juu sana hata yule aliyeipima aliirudia mara tatu. Jumanne asubuhi wakampasua, wakamtoa mtoto msichana. Wendy.

Kilo moja na gramu mia tatu arobaini. Chukua unga wa kilo moja, weka juu yake hindi moja la kuchoma, huyo ndiye Wendy. Mguu wake wote ulikuwa kidole changu hiki cha kati, na mimi vidole vyangu si vya karani.

Maurine alikuwa amelazwa upande mwingine, hawezi kuamka kwa sababu ya kidonda na presha. Kwa hiyo aliyeruhusiwa kukaa na mtoto ni nyanya yake. Mimi mwanamume niliachwa kwa baraza, nje ya dirisha, ambako kwa kweli ndiko kunaonekana kila kitu.

Jumatano asubuhi, saa mbili kasoro, akatoka muuguzi aitwaye Sista Teresa. Mfupi, anatembea kama sakafu inachoma. Akamwita Jescah pale dirishani, nami nikasogeza sikio.

"Kukhu," akamwambia, maana ndivyo tunavyowaita nyanya huku kwetu, "huyu mtoto hajakojoa tangu jana."

"Labda hajashiba," mimi nikasema kutoka nje.

"Mzee, ngoja."

"Mimi si mzee, mimi ni mjomba."

"Basi mjomba, ngoja."

Akaendelea. Alisema siku ya kwanza watoto wengi hawakojoi, hilo halimtishi. Linalomtisha ni siku ya pili. "Figo za mtoto wa wiki thelathini na moja fundi bado yuko kazini. Kuta zimesimama, bati halijapigwa misumari. Wa miezi tisa anakuja nyumba ikiwa imekwisha. Huyu anamalizia ujenzi huku nje, na huku nje kuna vitu vya kumvurugia."

"Vitu gani?" Jescah akauliza. "Vitaje."

Alimuuliza kwa ile sauti ya kule mezani, ile inayomfanya mchimbaji aseme ukweli kabla hajafikiria. Sista akavitaja. Kwamba udogo wenyewe ni tatizo, kadiri kilo zinavyopungua ndivyo figo zinavyokuwa changa. Kwamba presha ya Maurine ilikuwa imebana damu ya kumfikia mtoto tumboni. Kwamba Wendy alipotoka alichelewa kulia, na mwili ukikosa hewa hulinda moyo na ubongo kwanza, figo zinaachwa zijitafutie. Kwamba ngozi yake ni nyembamba kama ya kitunguu na maji yanamtoka bila kuonekana, akikauka figo zinaumia.

"Na ile sindano anayodungwa," akaongeza, "ya kuzuia vijidudu. Tunaihitaji, kwa sababu maambukizi yakiingia kwa damu hayo ndiyo yataua figo na mwenyewe. Lakini hiyo sindano pia ni mzigo kwa figo. Ndiyo maana daktari anahesabu masaa kabla ya kuirudia."

"Yaani dawa inamsaidia na kumkanyaga," Jescah akasema.

"Kama fahali wako akikukimbilia kukupokea," nikasema.

Sista akafungua faili. "Maurine alimeza dawa gani huko nyumbani?"

Nikaangalia viatu vyangu. Ni viatu vizuri. Kwa wiki tatu Maurine alilalamika mgongo, nami khotsa wake, mjomba anayempenda, nilimnunulia vidonge dukani, vile vyekundu. Mimi mwenyewe nikimeza viwili nachimba mpaka jua linanionea huruma. Nikasema hivyo hivyo.

"Mjomba," Sista akasema polepole huku akiandika, "kuna dawa za maumivu ambazo zinabana figo za mtoto akiwa bado tumboni. Si zote. Lakini mjamzito haandikiwi dawa na mjomba, anaandikiwa kliniki."

Nilirudi kuangalia viatu vyangu, nikaviangalia saa nzima. Jescah anasema ni sekunde ishirini, lakini yeye hakuwa ndani ya kifua changu.

Kisha dada yangu akavua miwani. Mkivijua vitu vyake mtaelewa kwamba hilo halifanyiki ovyo.

"Na zebaki?" akauliza.

Zebaki ni yale maji ya fedha ya kushikia vumbi la dhahabu. Unaichanganya, inakusanya chembe zote kama mama anayeita watoto, kisha unaichoma, moshi unaenda, dhahabu inabaki. Maurine kila likizo alikuwa anakaa pale mezani, kwa ule moshi, akimsaidia mama yake, hata mimba ikiwa ya miezi mitano.

Sista akafunga faili. "Kukhu, siwezi kukuambia ndiyo, na siwezi kukuambia hapana. Inajulikana kuumiza figo, hilo sikufichi. Iondoe nyumbani. Lakini leo kazi yetu ni moja. Huyu mtoto akojoe tuone."

Jescah akarudisha miwani usoni. Akaiangalia mikono yake, mikono ile ambayo haijawahi kumwaga hata chembe. Alikuwa anawaza kwamba meza yake ndiyo imemfikia mjukuu. Hajalisema mpaka leo, lakini nimemjua miaka hamsini na mbili.

"Kwa hiyo kipimo ni mkojo," akasema.

"Kipimo ni mkojo. Kila masaa matatu toa nepi, pima, ondoa uzito wa nepi kabla hajavaa, andika. Gramu moja ni sawa na mililita moja. Kwa uzito wake nikipata gramu nne kwa masaa matatu, mimi leo nitaenda nyumbani nikiimba."

Mizani ya wodi ilikuwa ya kupimia watoto wenyewe, inaruka gramu kumi kumi. Jescah aliiangalia kama unavyomwangalia mkwe aliyekuja mikono mitupu. Akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa mizani yake, ile ndogo ya betri, saizi ya simu, inayosoma mpaka nukta.

Sista akataka kukataa, halafu akapata wazo. Akavuta maji kwa sindano, mililita tano, akayaweka juu ya kifuniko kidogo. Mizani ikasema tano nukta sifuri.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kazini," Jescah akamjibu.

Wakaipangusa kwa spiriti, wakapima nepi kavu, wakamvalisha Wendy. Ilikuwa saa mbili. Sista akaenda zake, maana alikuwa na watoto wengine kumi na mikono miwili tu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wawili wenye akili zao walifanya jambo la ajabu.

Saa tano kamili dada yangu akamvua Wendy nepi. Akaishika. Akaisikia ina unyevu kidogo. Na mkono wake, ambao kwa miaka ishirini na miwili umekausha kila kitu kabla ya kukipima, ukafanya kile unachofanyanga. Ukaipitisha nepi dirishani, ukanikabidhi.

"Kausha," akasema.

Wala sikuuliza kwa nini. Mchimbaji haulizi kwa nini. Nikatandaza gazeti kwa ukuta wa baraza penye jua, nikailaza nepi, nikavua kofia, nikaanza kuipepea. Nilipepea vizuri, naomba hilo liandikwe. Watu wakipita wanasalimia, nami najibu kama mtu mwenye cheo. Jua la saa tano la Kakamega halichezi. Baada ya robo saa nepi ilikuwa inavunjika kama chapati ya jana.

"Imekauka?"

"Imekauka mpaka inalia."

Jescah akaipima. Akaandika sifuri.

"Ulikuwa unyevu wa nini?" nikamuuliza.

"Jasho. Humu ndani kuna joto la tanuri, hata mgongo wangu umelowa. Kitu chenyewe kingebaki."

Nikakubali. Kwetu ndivyo ilivyo: kitu chenyewe hubaki.

Saa nane, tena. Nepi ikapita dirishani, kofia ikafanya kazi, sifuri ikaandikwa. Walimleta Maurine kwa kiti cha magurudumu amwone mwanawe, akauliza, "Mama, bado?" Jescah akasema bado, akaangalia ukuta. Maurine akaniona dirishani, akanipungia. Nikampungia kwa kofia ileile, Mungu anisamehe.

Saa nane na nusu daktari akasoma karatasi. Sifuri na sifuri. Akasema kwa upole kwamba sindano inayofuata isimame kwanza, na saa kumi na moja wakipata sifuri ya tatu, gari la wagonjwa litampeleka mtoto mji mwingine ambako wanaweza kusafisha damu ya mtoto mdogo. Jescah akauliza ni masaa mangapi barabarani. Alipoambiwa, akauliza kama mtoto wa uzito huo anaweza kuyamaliza. Daktari akasema watajitahidi. Dada yangu hapendi neno hilo, halina namba.

Halafu mvua ikaja. Wanaokaa huku wanajua, saa kumi ikifika Kakamega mbingu zinakumbuka kazi yao. Ikapiga mabati mpaka hatusikilizani. Gazeti langu likawa uji. Saa kumi na moja nepi ya tatu ikapita dirishani, nzito kidogo kwa mkono wangu, nami sina jua.

Nikajaribu kuipulizia kwa mdomo. Nikajaribu kwa kwapa. Nikakumbuka kuna mama mmoja langoni anakaanga mandazi, ana jiko kubwa. Nikaifunika nepi kwa kofia nikaanza kukimbia kwa baraza, na kwa kona nikagongana na Sista Teresa, amebeba makaratasi ya safari. Nje gari la wagonjwa lilikuwa limewashwa.

"Unaenda wapi na nepi ya mtoto?"

"Kwa mama wa mandazi. Ana jiko."

"Jiko la nini?"

"La kukaushia. Hakuna jua, tutapimaje ikiwa mbichi?"

Sista akaiangalia kofia. Mvua ikapiga. Akasema taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, "Zile mbili za kwanza. Mlizikausha?"

"Kabisa. Niulize mimi. Hakuna tone lililobaki."

Aliweka makaratasi chini. Akashika ukuta. Nilidhani anazirai, nikamshika kiwiko, kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka akakaa chini kwa baraza na sare yake nyeupe, na kila akijaribu kusimama ananiangalia na kofia yangu, anaketi tena.

"Mjomba," akasema alipopata pumzi, "hicho mlichokuwa mnakausha ndicho tulikuwa tunatafuta."

Nikasimama pale. Wazo likanifikia kidogo kidogo, kama ndoo inayopanda kutoka shimoni. Futi mia mbili.

Tukaingia. Safari hii hakuna aliyenifukuza. Sista alimweleza Jescah kwa maneno machache. Nimewahi kumwona dada yangu akizika mume na sikumwona hivyo. Akaangalia zile sifuri mbili alizoandika kwa mkono wake safi.

"Nimepima miaka ishirini na miwili," akasema.

"Dhahabu, Kukhu," Sista akamwambia. "Dhahabu haikojoi."

Hapo hata Jescah akacheka, kicheko kimoja kifupi, kama kitasa kinachofunguka, kisha akakitafuta kiti.

Kabla sijafika kwenye namba, niseme haya, kwa sababu naandika kwenye meza yake mwenyewe hapa kibandani na yeye yuko jikoni anasonga obusuma, ule ugali wetu, nina dakika chache za uhuru. Wendy ana miezi kumi sasa. Kila baada ya miezi michache anapelekwa kliniki apimwe presha na mkojo, maana Sista alisema figo zilizoanza mapema zichungwe hata mtoto akinenepa. Na amenenepa, shingo haionekani. Zebaki Jescah aliiondoa wiki ileile, na mchimbaji akija na vumbi lililoshikwa nayo anarudishwa alikotoka. Wanalalamika. Na mimi sipei mtu vidonge, hata kuku.

Sasa namba. Sista aliwasha mizani, ikatulia kwa sifuri. Maurine alikuwa kwa kiti chake cha magurudumu, ameshika kofia yangu bila kujua ilikuwa imefanya kazi gani. Jescah hakutaka kuiweka nepi, alisema mikono yake haiaminiki, kwa hiyo Sista ndiye aliyeiweka. Namba zikaanza kupanda. Tukaondoa uzito wa nepi kavu. Na naapa kwa mashimo yote ya hapa kwetu Ikolomani, zilibaki gramu arobaini na saba, daktari akashika kichwa chake kwa mikono miwili, na kabla hatujapumua, Wendy mwenyewe kule kitandani akafungulia mkojo mwingine, ukaruka juu kama bomba la kaunti lililopasuka, ukapita juu ya kichwa cha daktari, ukagonga dari na kuanza ku—

"Phineas." Jescah amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi, miwani kwa pua, na sijui amesoma kuanzia wapi. "Gramu sita nukta tatu. Daktari alikuwa ameenda wodi nyingine. Na Wendy ni msichana, uruke uende wapi?"